Mhunzi wa Ruanda na Safu za Shaba

Kwa miaka arobaini Salvatory alifua majembe kijijini Ruanda, mpaka moto ukamharibia macho. Siku hizi hukaa barazani akisikiliza mvua ikipita juu ya mibuni, huku akikunja waya wa shaba ili mikono isisahau kazi.

Binti yake Gaudiosa, anayesoma chuo kikuu, alipokuja likizo alimkuta hapo.

"Mwanangu," akamwuliza, "waya huu mwanzoni ni laini. Nikiukunja na kuukunjua mara nyingi, unakuwa mgumu. Kwa nini?"

Gaudiosa alitabasamu. Swali hilo ndilo lililomfanya akeshe chuoni, ambako ndani ya kompyuta alijenga kipande cha shaba, chembe kwa chembe, akakivuta na kutazama kinavyojikunja. Alileta ungo, akapanga punje za mahindi safu kwa safu, kisha akakiongoza kidole cha baba yake.

"Chembe hazisogei zote kwa pamoja, Baba. Chache zinaanza, za jirani zinafuata. Ukizidi kukunja, misogeo inakuwa mingi, inakutana njiani na kuzuiana."

"Na nikiurudisha motoni?"

"Zinajipanga upya, waya unalainika tena."

Miaka yote Salvatory alirudisha chuma motoni kwa sababu tu marehemu baba yake alifanya hivyo. Sasa, bila macho, aliziona safu zikitembea taratibu ndani ya shaba, kama waumini wanaotoka misani wakisubiriana mlangoni.

"Zipange tena punje," alisema kwa sauti ya chini. "Safari hii nizisogeze mwenyewe."