Mgomba wa Nyuma ya Bafu

Tulihamia mtaa wa Cheyo mume wangu alipostaafu. Nyuma ya bafu, pale yanapotokea maji ya kuogea, tulikuta mgomba. Aliyetuuzia nyumba alishahama mji, na hatukuwa tumemuuliza. Nani ananunua nyumba akaanza kuulizia mgomba?

Lakini mume wangu hawezi kuishi na kitu asichokijua jina. Ni mzee wa kanisa, Mmoraviani tangu tumboni, na anapenda kila kitu kiwe kwenye orodha yake. Mkungu wa kwanza ulipokomaa, ndizi fupi, nene, zimebanana, alisimama mbele yake kafunga mikono mgongoni.

"Hizi ni ndizi gani?"

"Ndizi tu," nikamjibu.

"Ndizi si jina. Ni kama kuniita mimi mtu."

Nikamwita jirani yetu, mama wa Kihaya. Aliutazama mgomba kama aliyeonana na ndugu. "Hizi ni za kwetu kabisa. Pika na nyama, mtanishukuru."

Ndizi ubishane na Mhaya? Nikapika. Siku hiyo mume wangu alikuwa amewaalika wazee wenzake wawili wa kanisa. Tonge la kwanza tu, wote wakaacha kutafuna. Zilikuwa na ukakasi wa kuukaza ulimi kama umepigwa gundi. Mmoja wa wazee alijitahidi: "Mama, ahsante kwa... kwa..." Akaomba maji. Wakamaliza jagi la maji.

Nilipomweleza jirani, alisema nimekosea kupika. Baadaye akakiri kwamba Bukoba aliondoka akiwa na miaka mitano.

"Basi ni za kuiva," mume wangu akaamua. Akazivundika ndani ya gunia hadi zikanukia vizuri. Akamenya moja, akauma. "Tamu," akasema. Kisha uso ukajikunja taratibu, jicho moja likajifumba, akatoka nje.

Akamwita bibi shamba wa kata. Akaja na pikipiki, binti mpole, akapiga picha majani na shina, akauliza, "Ua lake lilikuwa na rangi gani?"

"Nililikata nikatupa. Lilikuwa linaning'inia ovyo."

"Mzee, umetupa kitambulisho chake." Akataja aina sita zinazowezekana, akatuomba tusubiri mkungu mwingine.

Tukasubiri. Mume wangu alinunua daftari, na kila asubuhi baada ya sala alikwenda nyuma ya bafu kuandika. Chai ikiwa mezani alinisomea: "Leo ua limeinama zaidi ya jana." Mimi nakunywa chai.

Mkungu wa pili ulikuwa umeshakomaa, na bibi shamba hajarudi bado, wifi yangu alipokuja na treni kutoka Kigwa kututembelea. Ndiye dada mkubwa wa mume wangu. Ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaomba maji ya kuoga. Alipotoka bafuni tulisikia anacheka peke yake huko nyuma.

Tukamfuata. Alichuma ndizi moja mbichi, akaikata katikati kwa kisu, akatuonyesha. Ndani mlikuwa na vidoa vya kahawia, vidogo, vinanata.

"Mnaviona hivi? Hizi ni ndizi za pombe."

Mume wangu alitazama ukuta wa jirani kama vile kanisa zima limechungulia. "Dada, wewe umejuaje?"

"Nilipokuwa nimeolewa Kasulu nilipika pombe gani? Wewe ulifikiri umesoma kwa pesa za nini?"

"Uliniambia za asali!"

"Asali ilinunua madaftari. Ada ilikuwa pombe ya ndizi. Ningekuambia ungeacha shule, mtoto ulikuwa na dini kuliko mchungaji."

 Mume wangu akaenda ndani, akarudi na panga.

"Kata," wifi akasema. "Ukimaliza leta na cheti chako cha shule tukichome pamoja."

Panga likashuka taratibu. Akaketi juu ya ndoo, na nikaona anacheka, machozi yanamtoka, sijui ya nini hasa. Kisha akamshika dada yake mkono na kumwambia ahsante, kwa sauti ndogo.

Ndizi zilipoiva wifi alitufundisha kuzikanda kwa nyasi kavu safi mpaka zikatoa juisi. Ukakasi wote ukabaki kwenye nyasi. Juisi ilikuwa tamu ajabu. Jirani alikunywa glasi mbili, akasema, "Si niliwaambia ni za kwetu?"

Sasa mume wangu anawagawia watu machipukizi, na huwaambia ni ndizi za juisi. Sharti lake ni moja: juisi inywewe siku hiyohiyo, kabla haijaanza kuchacha. Jumapili iliyopita tuliwapelekea wazee wa kanisa juisi. Mmoja wao alimaliza, akapangusa midomo, akauliza kama ikikaa mpaka Jumanne itaharibika.

Mume wangu alisema itaharibika, lakini alichelewa kidogo kujibu.