Barua ya Salim Iliyofungiwa Sandukuni

Siku barua ya rafiki yangu Salim ilipofika Mambrui naikumbuka mpaka leo, mwanangu, maana ndiyo siku niliyojijua kuwa mimi ni hasidi. Tulikuwa tumemaliza kidato cha nne pamoja, tukaomba chuo kimoja cha ufundi Mombasa ili tujifunze kutengeneza friji. Miaka ile ya themanini hoteli za Malindi zilikuwa zikiota kama uyoga, na kila hoteli ilitaka fundi. Hesabu nilimfundisha mimi. Barua ya kukubaliwa ikaja yake kwanza.

Wivu ulinikaba, nisikufiche. Kesho yake baada ya alasiri nikamwendea baba yake, Mzee Athmani, mtu wa msikitini sana.

"Shikamoo, mzee. Chuo kile, nasikia, chafundisha vijana kuwamiminia watalii pombe."

Mzee hakuuliza mara mbili. Barua akaifungia sandukuni, Salim akaambiwa haendi. Akalia, nami nikamfariji, mnafiki mimi! Hasidi hana sababu, wamesema wazee, lakini mimi sababu nilikuwa nayo: alinitangulia.

Wiki moja baadaye ikaja barua yangu. Chuo kilekile. Nikampelekea baba mbio. Akaisoma polepole, akavua miwani.

"Si wewe uliyemwonya Mzee Athmani? Watu mji mzima wanisifu kwa malezi. Basi nawe huendi."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ikanibidi nikiri. Baba hakunipiga. Alinishika mkono hadi kwa Mzee Athmani, nikautoa uongo wangu mbele ya Salim, zikiwa zimebaki siku tatu chuo kifunguliwe. Salim akaenda. Mimi baba alinipeleka kwenye mashamba ya chumvi ya Marereni nikabebe magunia, "mpaka ulimi huo usafike," na nafasi yangu akapewa mwingine.

Leo friji yangu ikiharibika, anayekuja kuitengeneza ni Salim, na malipo hataki. Kila akiinama na bisibisi yake, moyo wangu bado wawaka kidogo.

Mwanangu, ukijaza fomu za chuo, waulize walimu, waulize walio kazini, na ukijua jambo mwambie mwenzako. Barua yake ikitangulia, mbebee sanduku mpaka stendi, hata kama moyo wauma. Njia yake haizibi yako. Mwenye kuiziba ni wewe. Mungu akufungulie masomo na kazi, na akujaalie kumtazama mwenzako akipita mbele bila kuungua.