Pointi Mbili Juu ya Mlango wa Duka

"Hutaweza," baba aliniambia. "Treni utaizungusha, maana hata mtoto anaizungusha. Pointi hutaiweza."

Fundi redio, jirani yangu wa kibanda cha pili, alisema nitachoma waya zote kisha nirudi Dar es Salaam na mashine yangu ndani ya boksi. Mwenye duka la jumla, mtu wa Pwani aliyehamia Kasulu kabla sijazaliwa, alicheka mpaka akashikilia mizani. "Bwana mdogo, wilaya nzima haina hata futi moja ya reli, wewe unatuletea makutano!"

Nayakumbuka maneno yao kwa furaha. Wote waliokosea, bado tunasalimiana nao.

Mimi nina stashahada ya umeme, na nataka ijulikane mapema. Hakuna aliyenilipia. Nilibeba zege mchana nikasoma jioni, na mwaka 2012 niliporudi Kasulu nikafungua karakana yangu mwenyewe ya kutandaza nyaya za majumbani. Katika mizigo yangu mlikuwa na treni ndogo ya umeme niliyoiokota kwenye mitumba ya Dar: kichwa kimoja, mabehewa matatu, na vipande vya reli vya kutosha kuzunguka meza. Pointi haikuwamo hata moja.

Pointi ni pale njia moja ya reli inapogawanyika kuwa mbili. Kuna vyuma viwili vilivyochongoka, tunaviita ndimi, vinavyosogezwa kushoto au kulia ili treni ipate pa kupita. Baba alifanya kazi hiyo miaka yake yote kwenye kituo kidogo cha reli ya Kati, kule chini bondeni, na mimi nilikulia hapo. Treni ya abiria ilipokuwa inakuja, mama aliinua ungo wa mihogo ya kuchemsha na kusogea kwenye jukwaa. Baba aliangusha mkono wa pointi, chuma kikalia ko!, akapaza sauti, "Imefunga!" Treni ikaingia njia ya pembeni kupisha ya mizigo. Kisha baba alimpigia dereva makofi ya salamu kama tunavyofanya Waha, taratibu, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo: "Mwakeye!" Madereva kutoka mikoa mingine hawakujua maana yake, ila nao walijifunza kupiga makofi.

Alipopunguzwa kazini tulipanda huku milimani na mizigo yetu. Magoti yakamchakaa. Hakushuka tena kuiona treni.

Basi mimi nilitaka aiingize treni kituoni mara moja tena, kwa mkono wake. Hilo sikumwambia mtu. Niliwaambia tu kwamba nitatengeneza pointi, na baba akanipa ufunguo wake wa shaba wa kufungia pointi, aliokuwa ameutunza tangu alipoacha kazi. "Nakuazima," alisema. "Siku utakayoshindwa unirudishie siku hiyo hiyo."

Kwetu kuazima si aibu. Ila ukiazima sufuria ya jirani, huirudishi tupu. Unaweka kitu ndani, hata viazi vichache. Nilijua hivyo nilipoanza kuzunguka. Mwenye duka alinipa mlango wa zamani wa duka lake, nikaulaza juu ya mapipa ukawa ardhi ya kituo chetu. Fundi redio alinipa chuma chake cha kulehemu. Kijana wa bodaboda, ambaye pikipiki yake ilikuwa inasubiri spea kutoka Kigoma, alinipa betri. Nilisafiri mpaka Kibondo, kwenye gereji moja, wakaniazima mota mbili za kufungia milango, zilizotolewa kwenye gari bovu.

"Unataka kufunga mlango gani?" fundi wa gereji aliuliza.

"Wa reli."

Aliwatazama wenzake. "Huyu wa Kasulu jua limemwingia."

Ndimi nilizichonga kwa tupa kutoka kwenye reli za ziada. Mataruma, vile vipande vya kulazia reli, niliyakata kwenye mbao za saketi za redio mbovu, zile zenye shaba juu, kwa sababu shaba inashika risasi ya kulehemia na reli haichezi. Spoku ya baiskeli ikawa fimbo ya kusukuma ndimi. Kwa macho, kazi ilikuwa safi kuliko ya kiwandani. Nikaunganisha betri, nikaita watu.

Treni ilipofika kwenye pointi ikasimama kabisa. Waya ukatoa moshi.

"Dar si mbali," fundi redio alisema. "Basi linaondoka alfajiri."

Kosa lenyewe lilikuwa la mtu aliyesoma vizuri. Katika nyumba tunafundishwa kuunganisha kila chuma na chuma mwenzake mpaka ardhini, na mimi nilikuwa nimelehemu pointi nzima kuwa kitu kimoja, kama ninavyofanya kwenye nyumba ya mwalimu au daktari. Lakini treni hii inakula umeme kwenye reli zenyewe, moja chanya, nyingine hasi, na katikati ya pointi reli hizo zinakatana. Nilikuwa nimetengeneza shoti kwa ustadi mkubwa.

Nilifikiria jambo hilo nikiwa juu ya ngazi kwa mteja, nikifunga taa ya korido ile inayowashwa kutoka milango miwili. Nikaitazama swichi mkononi mwangu. Swichi ya korido ina njia mbili: inachukua umeme upande huu au upande ule. Nikashuka. Mteja akauliza, "Umemaliza?" Nikamwambia, "Huku bado, kule nimemaliza."

Nilikata reli kuzunguka pale zinapokatana, nikakwangua shaba ya mataruma katikati, na kipande kile nikakipa waya wake kupitia swichi ya korido. Spoku iliposukuma ndimi, iligeuza na swichi. Hakuna aliyenionyesha. Nilikuwa namalizia pointi ya pili, ile ya kutokea njia ya pembeni, kijana wa bodaboda aliposimama mlangoni. "Kaka, spea imefika. Kesho nachukua betri yangu."

Kesho yake asubuhi nilimpakia baba nyuma ya baiskeli.

Aliinama juu ya ule mlango, akatafuta kosa. Hakulipata. Akakaa kwenye kigoda, nikamwekea kitufe mkononi. Fundi redio na mwenye duka walisimama nyuma yake. Treni ilikuja ikizunguka kona. Baba akabonyeza. Mota ya mlango wa gari ikalia ko!

"Imefunga!" alipaza sauti, akasahau kwamba tuko ndani.

Treni ikaingia njia ya pembeni, ikapita pale reli zinapokatana bila kusita. Baba akaweka kitufe chini, akakunja viganja, akapiga makofi taratibu. "Mwakeye, dereva."

"Rudia, mzee," mwenye duka alisema. Akarudia mpaka betri ikaja kuchukuliwa.

Baada ya hapo niliwalipa watu wote. Betri ilikwenda na mkungu wa ndizi. Chuma cha kulehemu kilikwenda na kopo la asali, na fundi redio akauliza kama ninaweza kumfundisha ile swichi. Mota zilirudi Kibondo na gunia dogo la maharage. Fundi wa gereji aliangalia ndani ya gunia, kisha akaniangalia mimi. Ili nirudishe mlango wa duka ilinibidi kung'oa kituo chote, na niliung'arisha kwa msasa kabla ya kuubeba.

Ukabaki ufunguo. Niliupeleka kwa baba jioni, juu ya kipande cha ubao nilichopigilia pointi moja, ile ya kuingilia.

"Mwana wanje," alisema, akiniita mwanawe kwa Kiha, "kituo kiko wapi?"

"Nimerudisha vitu vya watu."

Aliuweka ubao dirishani. Kwa kidole kimoja akasogeza ndimi, akainama kuangalia kama zimeshika, akazisogeza tena.

"Imefunga," alisema.