Karata Zangu Mikononi mwa Kidoti

Nilikuwa na karata za ushindi mezani, zikafagiliwa huku naangalia. Aliyezifagia ni mdogo wangu wa kike, tumbo moja, ziwa moja, na ananitazama kama hajawahi kuniona.

Msicheke. Yamenikuta.

Mimi ni fundi friji. Jumamosi mchana, nikishanawa grisi, huenda kasino ndogo ya jirani kucheza poka ya dau dogo, ile ya watu wa kipato chetu. Pale ni kama barazani. Watu wanataniana, mgawa karata anacheka nasi, na ukisukuma chipu zako zote, vile vidude vya kuwekea dau, yeye mwenyewe anakulindia karata zisije zikazolewa na zilizotupwa.

Mdogo wangu, nyumbani tunamwita Kidoti, alisota sana mpaka akapata kazi ya kugawa karata kwenye kasino kubwa. Kodi ya vyumba anavyoishi na mama ikawa inatoka kwake.

Mapema kabisa alinionya.

"Kaka, kule usikanyage. Mfanyakazi akikutwa anamgawia ndugu yake, kazi hana."

"Nikanyage kufanya nini? Nina akili zangu."

Akili zipi! Jumamosi moja meza yetu haikupata watu. Najua siku hiyo Kidoti yuko mapumziko. Nikaenda kwenye ile kubwa.

Lo! Kumbe kasino na kasino hazifanani hata kidogo. Kule hakuna utani. Kila mtu kaziba masikio kwa muziki wake, na kasino inakutoza kwa muda unaokaa, si kwa fungu unaloshinda. Ukisubiri karata nzuri, unaliwa huku umekaa.

Mara wagawaji wakabadilishana zamu. Anayekuja nani? Kidoti! Mwenzake kaugua, kaitwa ghafla.

Akanikata jicho moja tu: toka.

Nikajiambia, nikikurupuka nitashtukiwa. Ngoja mchezo huu mmoja uishe, niondoke taratibu.

Zikaja karata. Wafalme wawili. Katikati ya meza, kwenye karata za wote, akatua wa tatu. Jamani, ungekuwa wewe ungetoka?

Nikasukuma chipu zote, hata ile niliyoilaza juu ya karata zangu kuzilinda. Kwetu haina shida.

Jirani yangu akakata tamaa, akatupa karata zake, zikaangukia ubavuni mwa zangu. Mkono wa Kidoti ukapita, ukazoa zote pamoja.

"We Kidoti! Umenifanya nini?"

Jina la nyumbani limeshanitoka. Kwenye beji yake jina hilo halipo.

Msimamizi akafika.

"Hapa kwetu karata isiyo na chipu juu imekufa, hata kama umesukuma zote. Una malalamiko na mgawaji?"

Ningesema nini mimi?

"Sina. Kosa ni langu, mkubwa. Yeye hana kosa."

Nikadhani nimemwokoa. Nikaanza kuinuka.

"Bosi," Kidoti akasema kwa sauti ndogo, "huyu ni kaka yangu."

Nilisimama pale kama zuzu, namwona anavua beji.

Tulipofika barabarani nikamvaa. "Umesema kwa nini? Si nilikuwa nimeshakuficha?"

"Kaka, kila ugomvi wa mezani wanaurudia kwenye kamera. Ukisema mwenyewe, unafukuzwa. Wakigundua wao, mimi na wewe tunaitwa wezi."

Nyumbani mama akashangaa. "Mbona mapema?"

"Wamepunguza watu, mama," Kidoti akajibu, macho chini.

Mama akanigeukia, akanishika mkono. "Na wewe ukaacha shughuli zako ukamfuata mwenzio. Mungu akuzidishie, mwanangu."

Nikaitikia, "Amina." Ningefanyaje?

Ndugu zangu, sheria za kila meza mtazijua kwa kuliwa, na mtapona. Lakini riziki ya ndugu yako si mahali pa kujifunzia.