Tulivyosifiana kwa Papa Kambale

Enzi zetu pale Burungu, katika vilima vya Masisi, mchezo wa televizheni ulikuwa na harufu ya petroli. Papa Kambale, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo, alikuwa na jenereta nyuma ya duka, televizheni moja yenye tumbo, na mchezo wa mpira tuliouchezea kwenye kioo chake. Tulijazana humo na viazi vya moto mfukoni, miguu imejaa matope, tukipiga kelele mpaka mama zetu wanatusikia mtoni. Watoto wa siku hizi kila mmoja ana simu yake na bado wananuna betri ikiisha. Sisi tulinuna petroli ikiisha, lakini tulinuna pamoja.

Tulikuwa kambi mbili, kila kilima na yake, Wekundu na Weupe, kwa rangi ya jezi za timu tulizoshabikia. Mwanzoni yalikuwa matani tu. Lakini ilikuwa miaka ya vita, watu wazima walikuwa wanaangaliana vibaya sokoni, na sisi tukaanza kuwaiga. Siku moja Weupe walifungwa. Janvier, kijana wao, akatoka nje kwa hasira, akaokota jiwe, akalirusha kutoka mlangoni na kumpasua kaka yangu Bahati, wa Wekundu, kwenye paji la uso.

Papa Kambale akazima jenereta.

"Jiwe ingine moja tu, nafunga hii nyumba! Televizio narudisha Butembo."

Tuliogopa kweli. Hapo palikuwa mahali pekee ambapo watoto wa vilima vyote viwili walikuwa bado wanakaa benchi moja.

Aliyetuokoa ni mkewe, Mama Kavira. Kila jioni aliwasikia wachungaji wetu wakirudi na ng'ombe, wakimsifu kila mmoja kwa jina, pembe zake, mwendo wake, ukoo wake. Akasimama mlangoni mbele yetu, mikono kiunoni.

"Munajua kusifu ngombe, na mutashindwa kusifu mutu?"

Basi ikawa sheria. Ukitaka kushika maneti, kile kidude cha kuchezea, kwanza usimame umsifu mtu wa kambi ya pili, kwa sauti ya wachungaji. Watu wasipopiga makofi, unakaa chini.

Kesho yake zamu ikamfikia Bahati, kitambaa bado kichwani. Akamtazama Janvier, akainua mikono yote miwili kama pembe, jinsi wachungaji wanavyofanya.

"Janvier, mukono yenye haikosi! Jiwe yako ilitoka kule kwa mulango, ikapita watu yote, ikanijua mimi! Kama Weupe wangekuwa na mushambuliaji kama weye, tungewafunga aje?"

Tulicheka mpaka benchi likapinduka. Janvier alicheka, kisha akalia, kisha akasimama mwenyewe kukisifu kichwa cha Bahati, kigumu kuliko mawe yote ya Masisi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeokota jiwe tena.

Leo vijana wetu wanatukanana kwenye simu na watu ambao hawajawahi kuwaona, kwa ajili ya timu za mbali. Nikiwasimulia haya wananicheka: "Mama, mulikuwa munasifiana kama ngombe?" Ndiyo, kama ng'ombe, na najivunia! Nazikumbuka siku zile kwa hamu inayouma. Wakubwa wetu walikuwa wanatia sahihi amani huko mjini na kuivunja kabla hawajafika nyumbani. Ya kwetu, watoto wa Burungu, haikuvunjwa hata siku moja.