Alama Niliyoificha Ndani ya Risasi

Shida zangu zilianza mwaka wa 1972, watu walipokuwa wakichukuliwa kote Burundi wasirudi, nikiwa na miaka kenda. Baba alitoka asubuhi kwenda kazini, hakurudi. Mama hakulia mbele yetu. Kila siku alimwekea chakula chake pembeni, amekifunika kwa sahani, mpaka sisi watoto tukaacha kukitazama. Shule niliiacha mwaka huohuo. Haya nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na anayeudharau mwandiko wangu asisome.

Niliokota vyuma. Buterere, hapa Bujumbura, ilikuwa mashamba ya mpunga wakati huo, nami nilizunguka na gunia. Chuma kikanilisha, kikanilipia mahari. Meli moja kuukuu ya wakati wa Wabelgiji ilipokatwakatwa bandarini, nilinunua bamba la risasi lililolala chini yake kuizuia isiyumbe. Sisemi risasi ya bunduki, nasema ile metali laini, nzito, ya kijivu. Risasi nyingine zote zilizopita mikononi mwangu niliziyeyusha nikauza. Ile niliibakiza, nikawa nanyoosha mabati juu yake.

Sasa, si zamani, akaja mwanamke mmoja, mzaliwa wa Kanyosha, anafanya kazi Ulaya. Alikuja kumsalimia mama yake, akapita kwangu kutafuta vyuma vya geti. Geti akalisahau. Akainama, akaishika risasi yangu.

"Papa, hii iko na miaka ngapi?"

"Kukupita we. Kunipita na mi."

"Unauzisha?"

"Unaitakia nini?"

Akakaa juu ya debe, akanieleza. Kila kitu kina mionzi kidogo, hata ndizi, na haimuumizi mtu. Lakini wao wanafanya kazi chini ya mlima, wanangojea kitu kidogo sana kipite kwenye mashine yao. Mashine wanaizungushia risasi isisikie kelele za mionzi ya nje. Risasi mpya nayo ina kelele yake. Ya zamani imetulia.

"Na icho kitu kinapitaka mara ngapi?" nikauliza.

"Labda mara moja kwa mwaka. Labda akipiti kabisa."

"Na munalipwa."

"Tunalipwa."

"Kungojea."

"Kungojea, papa."

Nikamtazama viatu. Mtu mzima anayelipwa kungojea kitu ambacho labda hakiji, ama anadanganya, ama anadanganywa. Nilitaka kujua ni lipi kabla risasi yangu haijavuka geti.

Jirani yangu Mwarabu, mwenye duka la misumari, rafiki yangu tangu ujana, alikuwa na jibu lake. "Ndani kuna dhahabu, wallahi. Wakoloni walikuwa wakificha humo."

"Nimeipiga nyundo miaka yote, ningeiona."

"Wewe? Wewe uliuza radieta ya shaba kwa bei ya bati."

"Mara moja tu."

"Mara moja niliyoiona mimi."

Tulikubaliana na yule mwanamke akate kipande cha ukubwa wa sabuni, akakipime huko kwao. Kikiwa kizuri, watanunua bamba lote na kipande watanirudishia. Lakini sisi watu wa vyuma tuna desturi. Kitu kikitoka kwenda kupimwa, unakitia alama asiyoiona mwenzako, maana wengi wamepeleka shaba wakarudishiwa takataka. Basi alipokuwa anakunywa Fanta na mke wangu, nilitoboa tundu kwenye kona ya kile kipande, nikamimina tone la risasi niliyoyeyusha kutoka betri mpya, nikaligonga nyundo, nikapaka vumbi. Nilipolitafuta kwa kidole, hata mimi sikulipata.

Zikapita wiki nyingi. Yule mwanamke akapiga kwenye simu ya binti yangu, sura yake inaonekana.

"Papa, risasi yako iko na kelele. Atuwezi kuinunua."

Nikasema moyoni, ndiyo hii sasa. Wanakiharibia kitu jina ili kishuke. "Bei sishushi," nikamwambia.

"Apana, si bei. Kuna kitu sielewi. Tukiilaza upande mumoja, iko kimya, safi kuliko vile tulifikiri. Tukiigeuza, inapiga kelele, na inatoka kwenye kona moja. Ni kama mutu ameweka risasi mupya mule. Papa, ni we?"

Mke wangu akaacha kuchambua mchele. "Mujibu mutoto ya watu."

Hakuna aliyeniona, hata mke. Tone lenyewe lilikuwa kama punje ya haragwe, limegongwa likafungika. Mwongo angeniambia yote ni mbaya, au yote ni nzuri. Huyu, akiwa chini ya mlima ambao sitaukanyaga, aliniambia kona.

"Ni mi," nikasema. "Ni alama. Musinibadilishie."

Akacheka mpaka sura ikatoka kwenye simu. "Kumbe we ndiye umetubadilishia."

"Mukate iyo kona. Munirudishie."

Wakakata, wakapima tena. Kimya. Akarudi Bujumbura na lori na watu wa kubeba. Kona yangu akaniwekea mkononi. Niliikata katikati mbele yake, nikalikuta tone langu. Bado niliwazuia wabebaji.

"Na kile kitu chenu, kimepita?"

"Bado."

"Mutaendelea kungojea?"

"Tutaendelea."

Alisema hivyo tu, bila kuinamisha macho. Ni mtu mmoja tu niliyewahi kumwona akingojea namna ile, na yule hakuwa anadanganya, wala hakuwa anadanganywa na mtu. Nikawaambia wapakie.

Leo nina uwanja wa vyuma Buterere, nimeuinua kwa mawe maji yasiingie. Nina nyumba Mutanga Nord, ya matofali ya kuchoma. Nina mizani mbili, zote za kweli. Nina mke, binti, mbuzi. Nina reli fupi ninayonyooshea mabati sasa, inaumiza masikio. Nina kona ya risasi, vipande viwili. Na sahani ya mama, ile ya kufunikia.