Ramani Iliyoliwa na Mchwa

Kwa miaka ishirini na mbili, yeyote aliyetaka kujua mji ulivyokuwa zamani ilibidi ashuke chumba cha chini cha ofisi ya mipangomiji, kwa mama mmoja aliyekaa katikati ya makabati ya chuma yenye droo pana. Walimwita Bi Ramani. Alijua kila karatasi ilikolala. Mainjinia walikuja wamekunja nyuso na kuondoka wakicheka, naye akawa anatembea kifua mbele.

Kisha mdogo wake akaoa ofisa mipango. Hilo lisingekuwa tatizo, ila bibi harusi akahamishiwa ofisi ileile, ghorofa ya tatu, akakabidhiwa kazi ya kuandaa mpango wa mji wa miaka thelathini ijayo.

Nyumbani, mama yao hakuwa na habari nyingine. "Mkwe wangu anapanga mji mzima!" aliwaambia wageni, binti yake yupo palepale anamenya vitunguu. Ofisini nako, mkurugenzi aliyezoea kushuka kuuliza mambo, sasa alipanda. Bi Ramani alisikia viatu vyake vikipita mlangoni bila kusimama, roho ikamuuma. Na wifi mwenyewe hakuwa na makuu. Hilo ndilo lililomchoma zaidi: angekuwa na maringo, angalau lingepatikana la kumsema.

Siku moja wifi akashuka, kalamu sikioni.

"Shikamoo, wifi. Nisaidie. Pale kwenye uwanja wa mpira, upande wa mashariki, nataka kuweka shule na kituo cha mabasi. Hakuna ramani ya zamani ya pale?"

Ilikuwepo. Kabati la pili, droo ya chini. Ilionyesha mto mdogo uliokatiza uwanja ule, kabla haujafukiwa kwa vifusi.

"Hakuna," alijibu bila kuinua macho. "Zililiwa na mchwa."

"Zote?"

"Mchwa hawachagui, wifi."

Wifi akashukuru, akapanda zake. Bi Ramani alijiambia kwamba anataka aumbuke kidogo tu, basi.

Miezi ikapita. Jumapili moja wifi alileta mchoro nyumbani, akautandaza juu ya meza. Mama alivaa miwani, akaushangaa weee, kisha akamgeukia binti yake.

"Na wewe mwanangu, umechora wapi hapa?"

"Mimi sichori, mama. Natunza."

"Haya, nayo ni kazi," mama akasema, akarudi kwenye mchoro.

Usiku ule Bi Ramani hakula.

Zilipobaki siku nne kabla ya kikao cha madiwani, alitumwa kubandika matangazo ya mpango kule uwanjani. Mvua haikuwa imenyesha kwa miezi miwili, lakini karibu na goli kiatu chake kilizama kwenye tope. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo alimcheka.

"Pole, dada. Hapa ndivyo palivyo. Mvua zikija, watoto tunawavusha mgongoni. Sasa shule inatujia, tunashukuru. Wanasema aliyepanga ni msomi kwelikweli."

Bi Ramani alitazama vigingi vilivyopigwa rangi nyekundu, mahali madarasa yangekaa. Alitaka wifi aumbuke. Hakuwa amewaza mtoto wa mtu ndani ya maji.

Alirudi ofisini, akafungua droo ya chini, akapanda ghorofa tatu akihema. Wifi aliitandaza ile karatasi mezani, akaufuata mto kwa kidole.

"Mchwa wameitapika?"

"Nilikuwa nayo," alisema Bi Ramani. "Nilikuonea wivu."

"Miezi minane, wifi!" Sauti ilimkatika. "Miezi minane nachora shule juu ya mto, na wewe unaniangalia!" Akaenda kusimama dirishani, akalia kwa hasira. Kisha akapangusa uso, akavuta kiti cha pili. "Kaa. Nionyeshe maji yalikuwa yanaingilia wapi."

Siku tatu walichora upya, hawasemi ila la kazi. Shule ikahamishiwa juu kwenye mwinuko, bonde likaachwa wazi, lipandwe miti.

Kikaoni wifi alisimama. "Mchoro wa kwanza ulikuwa na kosa. Sikutafuta vya kutosha. Kosa ni langu." Madiwani wakapiga makofi, wakamsifu kwa ukweli wake. Bi Ramani, kiti cha nyuma, alipaswa kushukuru kwa kusitiriwa. Badala yake kijicho kikampanda: hata kosa lake yeye limegeuka sifa ya mwenzake!

Mwezi ulipita kabla wifi hajamsemesha vizuri. Baadaye aliomba ramani zote zinakiliwe kwenye kompyuta, "mji usitegemee hasira za mtu mmoja." Bi Ramani alijua mkuki umelengwa wapi. Hakubisha. Alizinakili mwenyewe, moja baada ya nyingine, mwaka mzima na nusu.

Mama yao hakuacha kumsifu mkwe wake, na Bi Ramani hakuacha kuumia. Ila siku hizi, akihisi roho inaanza kuchemka, huaga mapema na kwenda zake.